Mwenye Boma wa Kathonzweni

Jumatatu, 3 Februari

Sura yangu imerudishwa. Mara ya tatu! Dkt. Mbula, msimamizi wangu, ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba nimewauliza watu thelathini na wawili jinsi boma la Wakamba linavyoendeshwa, na wote ni wanaume. Anasema wanaanthropolojia walifanya hivyo miaka na miaka: mwanamume anaenda kijijini, anaketi na wanaume, anarudi kuandika kuhusu jamii nzima. Wanawake wanatajwa pamoja na vyungu. Ufeministi ndio ulioifumbua macho anthropolojia, anasema, na mimi bado nimefumba. Anataka sura mpya Ijumaa, mbele ya jopo. La sivyo, masomo yangu ya uzamili yamekwisha.

Sikubabaika. Mimi ni mtu wa mbinu. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila "wanaume" iwe "wanaume na wanawake". Sekunde mbili! Ufeministi kamili.

Saa nane mchana Dkt. Mbula akapiga simu. Akauliza tangu lini wanaume na wanawake wa Makueni hunyoa ndevu kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Jumanne, 4 Februari

Nimefika Kathonzweni. Mumbua, mwanafunzi mwenzangu, yuko huku pia. Sura yake ilipita mara ya kwanza. Huwa hata halitaji jambo hilo, na ndiyo sababu linaniudhi.

Mbinu mpya: nitafute boma lenye wanawake, kisha nimuulize mwenye boma habari zao. Mtu mmoja, majibu yote. Bahati! Nimempata Mzee Mulwa, mrefu, kofia kichwani, fimbo mkononi, mbuzi sitini nyuma yake. Nikamkabidhi zawadi yangu ya sukari na majani chai. Alishangaa sana. Nikauliza kama ndiye mwenye boma. Akasema ndiyo. Kama ana wake wengi? Ndiyo. Watatu? Ndiyo. Sijawahi kuona mtu anayejua mambo yake hivi.

Tatizo ni bibi mmoja aliyekuwa akipiga ndengu kwa fimbo hapo hapo uani. Kelele tupu kwenye kinasa sauti changu. Nikamwomba kwa adabu, nikimwita Susu kama nyanya yangu, asogee kidogo, wazee wanazungumza. Akakusanya ndengu zake, akasogea.

Mumbua alishinda chini na akina mama akichambua ndengu. Hata daftari hakufungua. Namhurumia.

Jumatano, 5 Februari

Ushindi unanukia. Nimechora mchoro wa ukoo, Mulwa juu kabisa. Nikampiga picha akiwa ameketi kwenye kiti cha boma. Kila yule bibi alipopita, Mulwa aliruka akasimama. Nimeweka tanbihi: wanaume wa hapa huheshimu mno wakongwe. Hiyo ni nukta ya kifeministi. Dkt. Mbula atalia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Februari

Aibu! Aibu ya mwaka!

Asubuhi yule bibi akamwambia Mulwa mbuzi wana kiu. Mulwa, mwenye boma wangu, akaondoka mbio. Nikamuuliza Kanyiva, mke wa boma hilo, kwa nini mumewe anaamrishwa hivyo. Kanyiva akacheka mpaka akakaa chini. Mulwa ni mchungaji wa kuajiriwa. Ametoka Kitui juzi juzi, hana hata mke mmoja. Alidhani ninaandikisha watu wa chakula cha msaada, kwa hiyo akakubali kila kitu.

Mwenye boma ni bibi wa ndengu. Susu Kalekye. Hakujaliwa mtoto, na alipofiwa na mumewe akafuata mila: akatoa mbuzi wa mahari, akamwoa Kanyiva awe iweto wake, yaani mke wa kuizalia nyumba yake watoto. Watoto watatu wa Kanyiva ni watoto wa nyumba ya Kalekye. Mila ya Wakamba, na mimi Mkamba! Lakini nililelewa Salama, kando ya barabara kuu. Mila tuliyoijua sisi ni kuwauzia madereva mahindi ya kuchoma.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaomba radhi. Susu akaniambia nikae chini nichambue ndengu, kalamu niiweke kando, hadi gunia liishe. Nikachambua saa nne nzima. Mgongo! Kisha akaanza kusema mwenyewe. Watu wa vitabu walishakuja kwake mara mbili, wakamuuliza mwenye boma ni nani. Alipojionyesha kwa kidole, walicheka, wakauliza tena. Hapo nilishindwa kumtazama usoni.

Akasema, "Wewe kijana, andika jina yangu. Na uiandike huko juu kabisa."

Nikaandika. Mulwa nikamfuta kabisa.

Ijumaa, 7 Februari

NIMEPITA! Niliyasoma maneno ya Susu Kalekye mbele ya jopo, neno kwa neno, kwani sikupata muda wa kuongeza yangu. Dkt. Mbula akavua miwani, akasema hii ndiyo mara ya kwanza anamsikia mtu hai katika kurasa zangu. Mumbua akapiga makofi kuliko wote. Nimemsamehe kwa kufaulu kabla yangu.

Jumapili, 9 Februari

Pasta wa Salama amenitangaza kanisani. Mama amelia. Sasa ni rasmi: katika idara nzima hakuna mwanamume anayeielewa anthropolojia ya kifeministi kama mimi.

Dkt. Mbula amenipa sura nyingine: mwethya wa Nunguni, kikundi cha wanawake arobaini wanaolimiana mashamba kwa zamu. Sipotezi muda. Nimeshampigia simu Mzee Mbithi, mume wa mwenyekiti wao. Amekubali kunieleza kila kitu kuhusu kikundi hicho, Jumanne asubuhi. Tena amechagua siku nzuri: wanawake wote watakuwa shambani, hakuna atakayetukatiza.