Shomoro wa Mama Punje na Kifua cha Dada Yako

Kwa Bwana Afya,
Ofisi ya Afya ya Mtaa.

Shemeji,

Pokea salamu na heshima zako zote. Nakuandikia kiofisi, si kifamilia, kwa hiyo nakuomba uvae miwani ya kazini. Nawashitaki shomoro wa kwenye paa letu, pamoja na jirani wa ghorofani, huyu tunayemwita Mama Punje, anayewamwagia nafaka kila asubuhi utadhani ni wakwe zake. Dada yako anakohoa. Anakohoa mpaka anashika ukingo wa meza, na mimi, mume mzima, nasimama na bilauri ya maji sijui nimpe au ninywe mwenyewe. Naogopa, shemeji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulikuja wewe mwenyewe na glavu na barakoa, ukapanda darini kwa madaha kama bwana harusi, ukashuka na vijinyasi ndani ya kichupa. Kisha ukatukusanya uani ukatuambia kwamba viota vya zamani huota kuvu, na vumbi lake likivutwa linaweza kudhuru mapafu, hivyo tusivichokoe. Shemeji, umesoma miaka yote hiyo ili uje kuogopa nyasi? Kiota ni nyumba tu. Mwizi akikamatwa hufungwa yeye, hakifungwi chumba chake.

2. Mama Punje analala chini ya viota hivyo, dirisha wazi, na hakohoi. Hata chafya hana! Mtu mwenye haya angekohoa kidogo, japo kwa ajili ya ujirani. Nilipomwuliza siri yake, alinijibu, "Jirani, mimi nawatupia punje tu. Anayepanda ngazi kila siku ni wewe." Ngazi ni yangu na nitaipanda nipendavyo. Majibu kama hayo hutolewa na mtu mwenye hatia.

3. Dada yako hatoki nje. Anashinda chumba cha nyuma cha karakana yangu ya mito, madirisha yamefungwa ili upepo usipeperushe mali, anachambua na kushona. Hajamgusa shomoro hata unyoya. Sasa ugonjwa umemfikiaje, kama si kwa makusudi?

4. Alipokwenda kupumzika kwa mama yenu, kikohozi kilikwisha kabisa. Na kule ndege wamejaa tele, tena kunguru, ambao hata adabu hawana. Aliporudi akaketi kazini asubuhi, na jioni kifua kikambana. Nimeliwaza jambo hili kwa kina na hitimisho ni moja: shomoro wa hapa wanamjua kwa sura.

5. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki ghorofani.

Kwa hiyo naomba Mama Punje ahamishwe mara moja. Naomba shomoro wafukuzwe, wazazi kwa vifaranga, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Viota vyenyewe visiloweshwe dawa na kuondolewa kama ulivyotishia, bali nikabidhiwe mimi vyote, vikiwa vikavu, kama fidia ya mateso ya mke wangu. Nawe uje uani uwaambie watu kwamba ulituogopesha bure. Ukishindwa, nitaamini kwamba kuvu limeota ofisini kwako, tena juu ya kiti.

Nisalimie mkeo, watoto, mama mkwe wangu, na yule karani wako anayesinzia. Usimwamshe, mpe salamu akiamka mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, ninayekuheshimu licha ya yote,
Fundi Mito.

Tanbihi: Aliyeleta barua hii ana mto, ni zawadi yako. Pamba siku hizi haishikiki kwa bei, kwa hiyo sisi tunajaza viota, vile vya zamani kabisa, kwani ndivyo laini. Dada yako amevichambua kimoja kimoja kwa mikono yake, akipuliza vumbi kwa mdomo. Kabla ya kulala uupige makofi ili uumuke. Ukiona vumbi, usijali. Yeye mwenyewe ana mto kama huo, na kikohozi kikimzidi, humo ndimo anamozika uso.