Ombi la Kuandikwa Rasmi kuwa Chanzo cha Zebaki

Emerensiana, mjukuu wa Bibi Walburga,
Nyumba iliyo karibu kabisa na kisima,
Kwa mkono wa Mwenyekiti wa Kijiji,
Pwani ya Ziwa Nyasa, Wilaya ya Mbinga.
Machi, 1997.

Kwa Ndugu Joakim, Mtaalamu wa Maji,
Mradi wa Visima vya Pwani,
Mbinga Mjini.

YAH: KUSAHAULIWA KWANGU KATIKA ORODHA YA VYANZO VYA ZEBAKI

Mheshimiwa Mtaalamu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, nawe umekaa kitini, maana ina malalamiko.

Ulipokuja kupima maji ya kisima chetu hukuniona. Hilo si kosa lako. Nilikuwa jikoni nikikuchungulia kupitia tundu la ukuta, na ulipoomba maji ya kunywa alitoka Bibi. Mimi nimemaliza kidato cha nne, lakini mbele ya wageni sauti yangu hukimbia na kuniacha peke yangu. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi sauti haina pa kukimbilia.

Majibu ya maabara yalifika, na Mwenyekiti wetu, Mzee Xaveri, aliyasoma mbele ya mkutano wa kijiji. Ulisema maji yetu yana zebaki kupita kiasi kinachoruhusiwa. Ulisema vyanzo vinavyodhaniwa ni wachimbaji wa dhahabu huko milimani, betri zilizotupwa, vipimajoto vilivyovunjika, na “vyanzo vinginevyo.” Kwa kuwa vyanzo hivi ni vigumu kuvizuia, ulishauri kisima kifukiwe. Mzee Xaveri amesema tutakifukia mara mvua zikikatika.

Nina malalamiko yafuatayo.

1. Sikutajwa. Nilisikiliza orodha yote nikiwa nimejifunika khanga mpaka puani, nikingoja jina langu, na nimeishia kufichwa ndani ya “vyanzo vinginevyo” kama mtoto wa nje ya ndoa. Ndugu Mtaalamu, mimi najipaka zebaki. Najipaka asubuhi, najipaka jioni, na Jumapili najipaka pia kabla ya misa. Ni sabuni ya kung'arisha uso, ile iliyoanza kuonekana madukani tangu biashara iruhusiwe na kila kitu cha nje kikapata njia ya kufika kwetu. Mzee Nurdini mwenye duka aliponiuzia alisema, “Chukua mwanangu, hii inang'arisha uso mpaka nia.” Nia yangu bado sijaikagua. Uso ulianza kung'aa kabla ya Krismasi.

Baada ya mkutano nilikwenda kuitoa karatasi ya sabuni hiyo chini ya godoro, ambako nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya harufu yake, nikasoma maandishi madogo ya Kizungu. Zebaki imo, imeandikwa waziwazi. Kemia nilipata D, na naamini hiyo D ilitokana na zebaki, maana swali la metali iliyo kimiminika ndilo pekee nililolijibu bila kufutafuta. Nilijua jibu kwenye karatasi ya mtihani na nisilijue kwenye mashavu yangu. Ukiwaona walimu wangu, usiwaambie.

Ushahidi mwingine unaweza kuuona kwa macho bila maabara. Uso wangu ni Fanta, shingo na masikio ni Koka. Watoto wa jirani huimba hivyo nikipita na ndoo, nami siwezi kuwakana, kwa sababu hata mimi nikiitua ndoo na kuinama hujiona ndani ya maji na kusema: kweli, ni soda mbili.

2. Wachimbaji wamepewa sifa isiyo yao. Sisemi hawana zebaki. Wanaitumia kukamatia dhahabu, kisha wanaichoma. Lakini mchimbaji huinunua kwa shida na huililia ikimwagika. Mimi naimwaga bila majuto hatua chache kutoka kisimani, kwa kuwa bafu letu la nyasi liko upande wa juu, na maji ya kuoga hushuka yenyewe kufuata mchanga. Yeye yuko milimani, mwendo wa siku nzima. Kati yetu wawili nani anastahili kutajwa kwanza? Au ni kwa sababu yeye ni mwanamume na ana sururu?

3. Kuhusu betri. Hapa kijijini betri haitupwi. Ikiisha nguvu huanikwa juani mpaka redio itoe tena matangazo ya vifo na taarifa ya habari. Ikifa kabisa, watoto huipasua wachukue ule weusi wa ndani, wausage pamoja na majani ya kisamvu, na kupaka ubao wa shule. Nimesoma mbele ya ubao huo tangu darasa la kwanza. Kama zebaki ya betri iko mahali, iko kwenye elimu yetu, na kwa matokeo yangu mimi naona hoja hiyo ina uzito. Kisimani haipo.

4. Kuhusu vipimajoto vilivyovunjika. Zahanati yetu ina kipimajoto kimoja tu. Muuguzi hukiweka kifuani akilala, na hakitoi kwa mtu ambaye bado anaweza kutembea. Sisi wengine hupimwa kwa mgongo wa kiganja na kuambiwa, “Una homa, nenda.” Kiganja hakijapata kuvunjika kikamwaga zebaki.

5. Sasa nafika penye uzito. Umeshauri kisima kifukiwe, lakini hukusema tuchote wapi. Kabla ya kisima hiki wanawake walichota ziwani, na ziwani yupo mamba. Shangazi yangu Beata aliinama kujaza ndoo yake akashikwa mguu. Aliokolewa na wavuvi waliompiga yule mnyama kwa makasia mpaka akaachia. Kwenye mkutano, barua yako ilipokwisha kusomwa, Shangazi alisimama, akapandisha khanga mpaka gotini, akasema, “Mwenyekiti, umesoma barua ya mtaalamu. Njoo usome na hii ya mamba.” Mama mmoja akadakia, “Na huyo mamba hakutuma nakala kwa wilaya!” Watu wakacheka. Mzee Xaveri akasema yeye hana la kufanya, mtaalamu ndiye aliyesoma.

Pale ndipo nilipotaka kusimama niseme: Mwenyekiti, mwacheni mchimbaji, nitazameni mimi. Nilisimama kweli. Watu wakageuka. Nikauliza kama kuna mtu ameona kuku wetu, nikaketi.

Hoja yangu ni hii, Ndugu Mtaalamu, na naomba uifuate polepole kama nilivyoifuata mimi. Ikiwa zebaki inatoka kwa wachimbaji, hatuwezi kuizuia, na kisima kitafukiwa, na Shangazi Beata atarudi ziwani na mguu mmoja mzima. Lakini ikiwa zebaki inatoka usoni kwangu, dawa ni rahisi: nizuiwe mimi. Kwa hiyo kwa usalama wa wanawake wote wa kijiji hiki ni lazima zebaki iwe imetoka usoni kwangu. Natamka hivyo nikiwa na akili timamu na masikio meusi.

Tena usinichukulie kuwa chanzo kidogo. Maji ya kisima huelekea ziwani. Ziwani wamo usipa, wale dagaa wetu. Usipa wakikaushwa hupanda gari kwenda kuuzwa mpaka Mkumbi na Mpepai, kwa watu wa kahawa ambao hawajanikosea lolote. Na ziwa lenyewe ni la nchi tatu. Upande wa pili ni Malawi, na kusini ni Msumbiji. Kwa hesabu hiyo mashavu yangu ni suala la kimataifa, na nashangaa kwamba serikali hizo zinakutana kujadili mipaka na bado hazijakutana kunijadili mimi.

6. Mwisho nalalamika kwamba hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nitajibu hata hivyo. Sikujipaka kwa ajili ya mvulana. Hakuna mvulana anayeweza kuniona, kwa kuwa nikimwona mimi kwanza najificha. Nilitaka kwenda Mbinga Mjini kuomba kazi ya ukarani, na nilidhani karani lazima aonekane mtu aliyekaa kivulini maisha yake yote. Nilikuwa natengeneza kivuli. Barua ya kuomba kazi bado sijaiandika. Hii ndiyo ya kwanza kuiandikia ofisi, na naomba uniambie kama mpangilio wake ni mzuri.

Kwa sababu zote hizo, naomba yafuatayo:

(a) Niandikwe chanzo cha kwanza, kwa jina kamili. Wachimbaji washuke mpaka nafasi ya pili.

(b) Kibao cha fuvu la kichwa na mifupa miwili kisiwekwe kisimani. Nivishwe mimi shingoni. Shingo yangu bado ni nyeusi, kwa hiyo rangi nyeupe ya fuvu itaonekana vizuri.

(c) Bafu letu lihamishiwe chini, kwenye shamba la muhogo. Ndugu zangu wengine nimekwisha kuwaarifu. Muhogo haujaarifiwa.

(d) Kisima kisifukiwe. Hili ukilikubali, yale mengine unaweza kuyafuta, hata lile la kibao.

Kwa upande wangu nimekwisha kutekeleza. Sabuni nimeiacha tangu siku ya mkutano. Weusi unarudi kwa vipande, na kwa sasa shavu la kushoto lina umbo la ziwa lenyewe, refu na jembamba. Bibi anasema niombe Mungu aongeze visiwa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Msalimie pia dereva wako aliyewafukuza mbuzi wetu kwa heshima, na karani atakayeifungua barua hii, ambaye naamini amekaa kivulini.

Nabaki mchafuzi wako mnyenyekevu,
Emerensiana

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi nilipomsomea Bibi Walburga barua hii ili aniambie kama nimekosa adabu mahali. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, “Kwani yule mgeni hakutekea maji kwa ndoo ya pale kisimani?” Nikasema ndiyo, kwa ndoo ile, kisha akamimina kwenye chupa yake. Bibi akasema, “Basi ndoo ile niliisugua mimi asubuhi yake. Tulipata taarifa kwamba anakuja mtu wa serikali. Ungetaka atekee kwa ndoo yenye utelezi? Sabuni ya mche ilikuwa imekwisha, nikachukua hiyo yako inayonukia. Niliona imetunzwa vizuri, nikajua ni ya wageni.” Anasema aliisugua ndani na nje, na kamba pia, na hakuisuuza sana ili harufu nzuri ibaki. Majirani walimsifu.

Kwa hiyo, Ndugu Mtaalamu, sijui tena kama ulipima kisima, au wachimbaji, au mimi, au ukarimu wa Bibi yangu. Naondoa malalamiko yote kuanzia la kwanza hadi la sita, ila ombi (d) nalibakiza. Tafadhali uje upime tena kabla mvua hazijakatika. Bibi yeye amekwisha kuanza kuuliza utakuja lini, na nimeona amenunua sabuni. Nakuomba usitutumie taarifa.