Mstari wa Mkurugenzi

Idara ya Mistari Inayoonekana imetangaza jambo kubwa: anayetaka kuingia makao ya wazee atoe tone la damu, na kipimo cha haraka kionyeshe mstari wa kingamwili. Mstari ukionekana, ingia. Usipoonekana, rudi kwako.

Ni utaratibu mzuri sana, siusemi vibaya. Mume wangu Torvald yumo humo ndani siku ya arobaini sasa, hajaniona.

Mstari wangu ulitoka, ila hafifu, kama doa la chai lililokwisha fuliwa. Kuamua kama umeonekana ni kazi ya wajumbe saba, na sisi Waswidi hatupendi kupiga kura. Tunakunywa kahawa na mikate ya mdalasini mpaka wote tukubaliane. Sita waliuona. Mkurugenzi Ragnvald, ambaye miwani huiacha mfukoni kwa heshima ya cheo, hakuuona. Wakala mkate mwingine. Hakuuona.

Jumanne Ylva wa maabara akaleta kipimo alichokiboresha: kaongeza unga wa dhahabu, na karatasi yake hunyonya damu polepole, dakika ishirini nzima. Akanitoboa kidole. Mstari ukatoka mwekundu pyu.

"Haya bosi, na huu?"

"Huu umezidi," akasema Ragnvald. "Kipimo hakiwezi kuona kuliko mkurugenzi. Mpaka nitie sahihi, tunatumia cha zamani."

"Bibi wa watu anaganda hapo mlangoni, jamani!"

"Ylva, tusiharakishe."

Ijumaa Ragnvald akaja kufungua sebule mpya ya wazee, tai shingoni. Vipimo vya aina ya zamani vya kila anayetaka kuingia siku hiyo vikapangwa kwenye sinia pale mlangoni, namba tu bila majina, ili haki itendeke. Akainama.

"Namba nne tupu kabisa! Huyu asikanyage ndani."

Kwa mara ya kwanza wajumbe wote saba walikubaliana kabla ya kahawa.

"Kwani namba nne ni nani?"

"Ni wewe, bosi," Ylva akasema.

Theluji ikamdondokea kwenye tai.

"Hebu lete kile cha dhahabu."

"Kinangoja sahihi yako."

Akasaini papo hapo, karatasi kaiweka mgongoni kwangu. Changu kilishasomwa tangu Jumanne, nikaingia. Chake ndiyo kwanza kinaanza dakika zake ishirini.

Torvald akanishika mkono, hakuuachia. Akachungulia dirishani.

"Nani yule kasimama kwenye theluji?"

"Mkurugenzi. Anatafuta mstari."

"Ana miwani?"

"Leo kaivaa."