Mashine Iliyokosea Mzizi wa Tisa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Habari kubwa! Dk. Recho wa Dodoma, anayekusanya kompyuta za kizamani kwa ajili ya maonyesho, anakuja hapa kwetu Shanwe Alhamisi. Atachagua moja tu. Jina la mwenyewe litaandikwa kwenye kibao, na fundi wake atasafiri nayo akawaeleze wageni. Mimi, Arcade, fundi redio, mbele ya wageni! Kompyuta ipo. Ni ya marehemu baba mdogo Cyriaque, mwalimu wa hesabu. Aliachiwa na mwalimu Mholanzi mwaka 1986. Ni kibodi tu, unaichomeka kwenye TV, basi. Mama mdogo Capitoline kaileta imefungwa kwenye kitenge. Amesema anataka watu wasome jina la mumewe. Amesema pia nisiifungue. Nimemwapia.

Nimeifungua saa nne asubuhi.

Jumanne, 3 Juni
Balaa! Manyanda, fundi wa fremu ya jirani, naye anayo! Aina ileile, kaipata Tabora kwenye vyuma chakavu. Tumeziweka pamoja mezani kwake. Nje, mapacha. Ndani, aibu. Bodi yake safi, imeandikwa toleo la pili. Yetu toleo la kwanza, na juu yake umepita waya wa bluu ulioungwa kwa mkono, kama umeshonwa na mlevi. Tukaziuliza hesabu. Mzizi wa tisa? Yake: tatu. Yetu: nne na kidogo! Mashine ya mwalimu wa hesabu! Manyanda hata hakucheka. Alisema taratibu kwamba kosa liko kwenye ROM, ile chipu inayobeba akili ya mashine. Huenda kiwandani waliirekebisha baadaye. Upole wake ndio unaoniudhi.

Jumatano, 4 Juni
Manyanda kaniomba nimwangalizie fremu, anakwenda Misunkumilo kuchanjisha ng'ombe wake. Nikamwambia aende kwa amani. Pikipiki haijakata kona, nimeshashika bisibisi. Bahati! Chipu zote mbili zimechomekwa tu, hazikuchomelewa. Nikazing'oa kwa kisu cha mezani, nikazibadilisha. Dakika kumi na mbili! Sasa mashine yetu inaujua mzizi wa tisa. Nimeiuliza mara saba, kwa raha tu. Manyanda karudi na lita nzima ya maziwa ya mgando, asante yake kwa ulinzi wangu. Nimeyanywa. Matamu.

Alhamisi, 5 Juni
Dk. Recho kafika, mama mrefu, mtaratibu, miwani ina kamba shingoni. Mimi na Manyanda tukaweka mashine zetu mezani, mama mdogo kakaa pembeni. Dk. Recho hakujali usafi wala nini. Akaziuliza mzizi wa tisa. Yetu: tatu. Nikavimba kifua. Akaipita! Ya Manyanda: nne na kidogo. Dk. Recho akapiga makofi. Akaeleza kwamba zenye akili hiyo ya kwanza zilitengenezwa chache, kabla kosa halijagunduliwa, na ndizo anazozitafuta miaka yote. Manyanda mdomo wazi. Akasema juzi yake ilijibu tatu.

Dk. Recho akazifungua zote mbili. Akasema hapa pana ajabu: bodi ya pili ina akili ya kwanza, na bodi ya kwanza, yenye waya wa bluu uliowekwa kiwandani penyewe, ina akili ya pili.

"Nani kazichanganya?"

Nikasema labda ni joto.

Mama mdogo akaniangalia. "Arcade mwanangu. Uliifungua?"

Nikaungama yote, mpaka maziwa. Kisha nikarukia chipu kuzirudisha mwenyewe, ili kulinda heshima yangu. Mguu mmoja wa chipu ya baba mdogo ukakatika. Mama mdogo akakaa sakafuni, akajifunika kitenge usoni. Hapo nilitamani kupotea kabisa. Baba mdogo aliifuta vumbi mashine ile kila Jumapili, hata alipokuwa hawezi kusimama.

Manyanda hakunitazama. Akapasha moto pasi ya kulehemu, akaunga ule mguu kwa kiwaya chembamba kama unywele, akarudisha kila chipu kwenye bodi yake. Tukawasha ya baba mdogo, tukaiuliza. Nne na kidogo! Mama mdogo akacheka huku machozi yanamtoka. Akatuambia mumewe aliipeleka darasani kwa sababu ya kosa hilohilo. Mwanafunzi wa kwanza kuisahihisha mashine alipewa daftari jipya. Kumbe! Mimi nilikuwa nataka kumponya marehemu.

Ijumaa, 6 Juni
Dk. Recho kachagua yetu, na kibao kitasomeka Mwalimu Cyriaque. Waliosafiri ni mama mdogo na Manyanda, kama fundi. Nimewapungia stendi. Mama mdogo kanipungia kidogo sana, kidole kimoja. Manyanda kafunga fremu yake kwa kufuli tatu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilitumia kisu. Koleo ndogo ingefaa.

Halafu nimesikia kwamba Emelyne, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mamba, ana kompyuta mbili za zamani stoo na hajui ni matoleo gani. Nimempigia simu. Nimejitambulisha kuwa ni Dk. Arcade, mtaalamu kutoka Dodoma. Amefurahi mno, anasema atachinja kuku. Kesho naondoka na bodaboda. Natafuta miwani ya kuazima.