Joo ya Mzee Taisto

Jumatatu, Februari 9

Nimeamua. Nitakuwa msaidizi wa Eine Moilanen.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa duka, kati ya paka aliyepotea na mtu anayeuza viazi. Eine anapeleka wageni msituni wakati wa theluji, na kuanzia Machi anataka msaidizi. Mmoja tu, wa kwanza atakayefaulu. Mtu alale usiku mmoja msituni peke yake, bila hema, bila jiko la gesi. Masharti ni matatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Moto wa magogo mawili uwake mpaka asubuhi. Saa moja asubuhi Eine akute kahawa ya moto. Na ruhusa ya kuwasha moto itoke kinywani mwa mwenye msitu.

Masharti mawili ya kwanza ni kama yameandikwa kwa ajili yangu. Moto wa namna hiyo nimeuwasha mara nne nyuma ya ghala la Bibi. Mara ya tatu uliwaka. Nina kisu cha babu, shoka, msumeno, turubai, sufuria nyeusi ya kahawa, na kikombe cha mti nilichochonga mwenyewe. Kinavuja kidogo tu.

Sharti la tatu. Hapo ndipo penye kazi.

Sisi hatuna msitu. Kulala katika msitu wa mtu ni haki ya kila mtu, kama kuchuma matunda. Lakini kuwasha moto lazima umwombe mwenye msitu. Kuomba maana yake ni kusema, na kusema maana yake ni kusema na mtu. Nimemaliza shule Desemba, kofia yangu nyeupe ya kuhitimu iko juu ya redio ya Bibi, na kwa miaka yote ile niliinua mkono darasani mara mbili. Mara moja ilikuwa ni kuomba kufunga dirisha.

Nisipopata kazi hii, Mama amenitafutia nyingine mjini, kwa shangazi. Ofisi ya kupokea simu. Siku nzima. Simu!

Binamu yangu Pinja naye ameliona tangazo. Baba yake ana msitu. Ataomba ruhusa mezani, chakula kikiwa mdomoni. Hiyo si haki.

Jumanne, Februari 10

Nimechagua ukingo wa kijito katika msitu wa Mzee Taisto Kemppainen. Pazuri, pamekingwa upepo. Bibi anasema maneno yote aliyosema Taisto tangu vuli yanaenea kwenye kiberiti bila kutoa njiti. Anasema pia kwamba ana jino bovu tangu Krismasi na hataki ling'olewe. Sijui kwa nini Bibi ananiambia habari za meno.

Jana usiku nilimpigia simu. Iliita mara moja nikakata. Mara moja na nusu, tuseme ukweli.

Kwa hiyo, barua! Kurasa tatu. Kwanza hali ya hewa. Kisha uzuri wa msitu wake. Kisha historia fupi ya moto. Ombi lenyewe liko ukurasa wa tatu, ndani ya mabano, lisije likamkera. Nikaipeleka kabla hakujapambazuka kwenye masanduku ya barua ya njia panda. Yako saba, yote yamezikwa na theluji, yote yanafanana. Nikaitumbukiza katika la nne. Nikarudi nyumbani nikiimba. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Jioni Pinja amepiga. La nne ni lao. Alinisomea ukurasa wa pili kwa sauti ya mchungaji wetu. Akasema nikimaliza kuihutubia misitu ya watu nipite kwao nione mfuko wake mpya wa kulalia, manyoya matupu ya bata bukini. Nikamkatia. Kukata simu najua.

Jumatano, Februari 11

Digrii ishirini na nne chini ya sifuri. Mpango mpya, bora kuliko wa jana. Mtu akiletewa zawadi huuliza: nikusaidie nini? Mimi nitakuwa najibu tu. Kujibu si kuomba.

Bibi alikuwa ameoka mikate mitamu ya iliki. Nikachukua sita, nikavaa mbao zangu za kutelezea thelujini, nikaenda. Mzee Taisto alitoka barazani bila viatu, soksi tu miguuni. Tukatazamana. Kisha wote wawili tukatazama kipimajoto chake cha ukutani. Kisha tukautazama mberoshi mmoja, kwa muda mrefu. Kwa hesabu yangu ni dakika nane. Hakuuliza anisaidie nini. Alichukua kifurushi akageuka.

Nikaona nafasi yangu inaingia ndani pamoja na mikate. Ndipo nikasema. Skafu ilikuwa bado imenifunika mdomo, sikukumbuka kuishusha, lakini nilisema: kwamba Ijumaa ningependa kuwasha moto kule kijitoni kwake.

Mzee Taisto akavuta hewa ndani.

"Joo."

Akafunga mlango.

Joo! Watu wa kwingine wakisema ndiyo huitoa nje. Sisi wa huku tunaivuta ndani, kama mtu anayeonja kahawa ya moto. Na joo ya kuvuta ndani ina maana tatu: ndiyo, nimekusikia, na, sasa rudi kwenu. Kwa kuwa nilikuwa tayari narudi kwetu, ya tatu haihesabiwi. Zinabaki mbili, na zote ni nzuri.

Bibi ameniuliza kama nina hakika. Kwa baridi hii, anasema, kila mtu anavuta hewa kati ya meno, na mwenye jino bovu zaidi. Nimemwambia nimezaliwa hapahapa, joo naijua nikiisikia.

Nimeomba ruhusa kwa mdomo wangu. Mimi. Naandika kwa wino ili isifutike.

Alhamisi, Februari 12

Habari za Pinja. Amelala jana msituni kwa baba yake, au tuseme amejaribu. Alichoma mberoshi badala ya msonobari mkavu, kwa sababu mberoshi ulikuwa karibu na gari. Mberoshi hurusha cheche. Hilo nililijua nikiwa na miaka sita. Cheche zikautoboa ule mfuko, na saa nane usiku akarudi nyumbani akimwaga manyoya njia nzima.

Nimekutana naye dukani leo. Alikuwa na unyoya mmoja kwenye nywele. Nikampa pole. Sikuutaja unyoya. Niliutazama tu.

Ameniambia kesho kutwa anajaribu tena, na safari hii baba yake atamkatia msonobari. Kwa hiyo ni kesho au ofisi ya simu. Nimenoa kisu mara mbili. Cha babu kinanyoa nywele za mkono. Nina sehemu tatu zisizo na nywele sasa.

Nimempelekea Eine ujumbe: kesho, kijitoni kwa Taisto, ruhusa ipo. Maneno machache, yenye heshima. Nimeyaandika kwa nusu saa.

Ijumaa, Februari 13

Naandika kwa penseli. Wino umeganda.

Huu msitu una adabu! Nilikuwa naogopa kazi ya kutafuta mti uliokauka ukiwa umesimama, maana siku hizi ni adimu. Nimefika kijitoni nikakuta magogo mawili ya msonobari, ya kijivu, makavu mpaka ukiyagonga yanalia kama kengele. Urefu wangu kamili. Hayana ufa. Yamelala juu ya vigogo vidogo ili yasiguse theluji, na juu yake kuna bati. Upepo wa mwezi uliopita ulikuwa mkali kweli, kuleta bati mpaka huku. Hata magome yameshamenywa. Vigogota, nadhani.

Nimeyakokota hatua kumi tu. La chini nimelichonga juu likawa bapa. Nimetandaza vipande vya gome jeupe la mbetula na vinyoleo vyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. La juu nimelilaza kwa vigingi, nikaacha uwazi wa vidole viwili. Turubai nyuma yangu, matawi ya mberoshi chini yangu, ngozi ya kulungu juu ya matawi. Nimekaa nikatazama kwa dakika chache kabla ya kuwasha. Nilitamani mwalimu wa ufundi angeniona. Alinipa sita kwa kumi.

Njiti moja. Moja! Moto umetembea kati ya magogo kama mtu anayefunga zipu.

Jumamosi, Februari 14

Lazima niandike yote kwa mpangilio.

Moto uliwaka usiku kucha. Muda wa saa kumi na moja, bila kuguswa. Upande wangu mmoja ulikuwa umeiva na wa pili umeganda, kwa hiyo niligeuka kila baada ya muda, kama soseji. Nilikula mkate mweusi na siagi nikiwa nimelala. Nadhani nilicheka peke yangu. Sijawahi kujisikia mtu mzima hivyo.

Saa moja kasoro dakika mbili Eine akatokea kwenye miti. Ana miaka sitini na anatembea thelujini kama paka jikoni. Nikampa kahawa katika kikombe changu. Akainua kikombe, akaona tone chini, akakigeuza upande usiovuja. Akauzunguka moto mara mbili. Kisha akauliza kuhusu ruhusa. Je, ilitoka kinywani mwa Taisto?

Mimi sijui kusema uongo. Nina kasoro hiyo.

"Iliingia," nikasema.

Akaomba nieleze. Nikaeleza soksi, skafu, dakika nane na joo. Eine akakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Akasema hilo si neno, binti, hilo ni hali ya hewa. Akasema yeye anapeleka wageni katika misitu ya watu, na siku moja akiwasha moto bila neno la mwenyewe, kazi yake yote imekwisha.

Niliiona ofisi ya simu mbele yangu. Niliiona na kiti chake cha kuzunguka.

Hapo tukasikia mbao za kutelezea zikikwaruza theluji. Mzee Taisto! Alikuwa ameuona moshi kutoka dirishani kwake, na moshi, nilikuja kuelewa, ulikuwa unatoka mahali asipopenda. Akasimama. Akatazama vile vigogo vidogo vilivyobaki bila mzigo. Akatazama bati. Akatazama moto. Kijito kilisikika chini ya barafu.

"Hiyo ilikuwa benchi yangu ya sauna," akasema.

Mti ule wa kuchongea benchi ya chumba chake cha kuogea mvuke alikuwa ameungoja ukauke ukiwa umesimama tangu alipokuwa na nywele. Hilo la nywele alilisema Eine. Mimi nilitaka kuingia chini ya theluji nijifunike. Nikafungua mdomo kuomba radhi, ukatoka mvuke tu.

Eine akamuuliza waziwazi. "Taisto, ulimruhusu huyu msichana wa ukoo wa Räihä au hukumruhusu?"

Mzee Taisto akapiga goti. Akainamia magogo yangu, akaingiza vidole viwili vya glavu pale ncha zilipokuwa hazijaungua, akapima uwazi. Akakaa hivyo kidogo. Akanitazama, mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akavuta hewa ndani.

"Joo."

Eine akataka kujua kama hiyo ilikuwa joo au ni jino. Mzee akanyoosha mkono kuelekea sufuria. Nikammiminia katika kikombe changu, upande usiovuja. Akanywa chote.

"Vidole viwili," akasema, akinirudishia. "Wengi huacha vitatu."

Akavaa mbao zake akaondoka.

Eine akamsindikiza kwa macho mpaka miti ilipomfunika. Akasema kwa miaka thelathini hajasikia mtu huyo akimsifu mtu, hata marehemu mazikoni. Kazi ni yangu. Ila kwa sharti: kabla ya Machi niende kwa Taisto kwa miguu yangu, nishushe skafu, nimwombe radhi ya benchi kwa sauti, nimsaidie kupata mti mwingine, na nimwombe ukingo wa kijito kwa ajili ya wageni. Kwa pumzi ya kutoka nje, wote wawili.

Vidole viwili! Nimeandika kwenye karatasi, nimeibandika juu ya kitanda.

Jumatatu, Februari 16

Mama amempigia shangazi. Ofisi ya simu itatafuta mtu mwingine. Pinja amepita kunipongeza. Amesema baba yake alimkatia msonobari bure. Nikamweleza kwa upole kuhusu uwazi wa vidole viwili. Nikamweleza tena alipokuwa anafunga mlango.

Sasa, kuhusu Mzee Taisto. Nimefikiri sana, na nadhani Eine halijui vizuri tatizo lenyewe. Tatizo halikuwa joo. Joo ilifanya kazi mara mbili. Tatizo lilikuwa mimi kutochagua siku kwa makini.

Utabiri wa hewa unasema Alhamisi itafika digrii ishirini na tisa chini ya sifuri. Ndiyo siku yangu. Nitabisha saa moja asubuhi, kabla jua la huku halijatoka, na mikate minane. Atatoka na soksi. Nitashusha skafu, kama nilivyoagizwa. Nitasema yote kwa mkupuo mmoja, benchi, mti na wageni, kisha nitanyamaza na kungoja avute. Kwa baridi hiyo hawezi kukosa.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Najivunia sana mpango huu. Hauna tundu hata moja.

Bibi anasema Taisto amepanda basi leo kwenda mjini kung'oa lile jino. Sijui kwa nini ananiambia habari za meno.