Marehemu Aliyekataa Kusaini

Kwa Mhariri Mkuu wa Kamusi, ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja, ingawa hilo halihusiani na malalamiko haya,

YAH: KUITWA MAREHEMU KABLA YA WAKATI

Nakuandikia nikiwa kitandani, wodi ya wazee, lakini akili ni timamu. Jana tarishi wako aliniletea kurasa za majaribio za kamusi yetu. Kwenye orodha ya waandishi, jina langu limetanguliwa na neno "Marehemu". Tarishi alinieleza kwamba mpiga chapa ameona ni nafuu kuliweka sasa kuliko kupanga ukurasa upya baadaye. Alinisihi nisijali, kisha akanipa kalamu nisaini kwamba taarifa zangu ni sahihi.

Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mzizi wa Kiarabu r-h-m, uliozaa neno hilo "marehemu", tuliushughulikia pamoja. Mimi nilitanguliza maana ya huruma. Wewe ukatanguliza tumbo la uzazi, ukidai kila mtu huanzia humo. Mbele ya makarani ukaniita king'ang'anizi, nami nikakuita mtoto. Tangu siku hiyo hatusemezani. Hata hivyo, sote tulikubali kwamba marehemu ni mtu aliyerehemiwa. Sasa nauliza: mimi nimerehemiwa na nani? Sindano za huku hazina huruma, na supu haina chumvi.

2. Ikiwa nimeshakuwa marehemu, basi nadai haki zangu. Fundi cherehani mstaafu aliye kitanda cha kushoto aache kutangaza kwamba nakoroma. Marehemu hasemwi vibaya.

3. Hotuba ya mazishi yangu isomwe mapema, nami nikiwepo. Iletwe kwanza niihariri, maana alama za mkato hujawahi kuziweza. Nawe ulie kidogo, nione utakavyofanya.

4. Mzizi huohuo unabeba pia maana ya kuunga undugu. Maana hiyo uliiandika wewe, kwa ufasaha ambao siwezi kuukana, lakini tangu nilazwe hujakanyaga wodi hii. Kanuni ya ofisi ni yako mwenyewe: maana isiyo na mfano wa matumizi haichapwi. Naomba ifutwe.

Nisiporidhishwa, sisaini, na kamusi nzima itanisubiri nife. Daktari anasema haitachukua muda. Daktari hanijui.

Nisalimie makarani wote, mpiga chapa na shemeji, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu.

Wako kikazi,
Kaka yako, Mhariri wa Mizizi ya Kiarabu

Nyongeza: Muuguzi aliyekuja kuichukua barua hii ameniuliza kwa nini nahangaika na stempu, wakati mdogo wangu hukaa kwenye benchi la nje kila saa ya kutazama wagonjwa. Anasema huingii kwa sababu siku niliyolazwa nilimwagiza mlinzi asikuruhusu. Mimi nilishasahau, mlinzi hakusahau. Agizo nimelifuta, na ukurasa nimeusaini kama ulivyo. Muuguzi anakuletea barua hapo ulipo. Ukifika kwenye mstari huu, ikunje, uingie.