Maembe Yaliyoanguka Kwangu

Jumatatu, 10 Novemba
Mkutano wa wakulima wa Shimba Hills. Mwenyekiti wetu Mulinge, aliyetoka Ukambani na sasa anatufundisha miembe yetu wenyewe, ametangaza neema: mnunuzi wa Mombasa atayapeleka maembe yetu ya ngowe ng'ambo. Sharti ni moja. Asione funza! Kila mtu atundike mitego ya nzi wanaozaa funza, na embe likianguka lifukiwe siku hiyo hiyo. Nimekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Mke wangu Mbeyu amenitazama kwa mashaka. Ananionea.

Jumatano, 12 Novemba
Nimefikiri. Shimo ni jasho. Mtego ni gharama. Jirani yangu Bi Kanze anafukia. Mulinge anafukia. Nzi watoke wapi? Nimetundika chupa tupu, zisizo na dawa, upande wa njia ili zionekane mitego. Maembe yangu yaliyoanguka nimeyamwaga nyuma ya jiko.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemwamkia Bi Kanze. Ameitikia marahaba huku ameshika kiuno. Ni mjane, anachimba peke yake. Makuti yake yanavuja. Msimu huu ataezeka mabati, inshallah. Amezisifu chupa zangu. Nimeinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Alhamisi, 27 Novemba
Nyuma ya jiko hapapitiki kwa nzi. Mulinge amekagua mitego. Ya Bi Kanze imejaa nzi, yangu haina hata mmoja. Amenipongeza mbele ya watu! Kisha akamwuliza Bi Kanze kama kweli anafukia. Nilitaka kusema kitu. Nikakohoa.

Jumamosi, 6 Desemba
Mnunuzi amekuja na lori. Amepasua embe la Bi Kanze. Funza. Akapasua la Mulinge. Funza. Kwangu hakufika. Lori limeondoka tupu, na kijiji kizima kimesimama barabarani kikilitazama. Hakuna aliyegomba. Afadhali wangegomba.
"Nisameheni, jamani," alisema Bi Kanze. "Pengine mashimo yangu hayakwenda chini vya kutosha."
Watu walianza kutawanyika. Mimi nilitangulia.

Jumapili, 7 Desemba
Mbeyu amefika nyuma ya jiko. Hakupiga kelele. "Chome, utamwambia wewe au nimwambie mimi?"
Nikasema nitamwambia. Nilimkuta Bi Kanze akimwaga maembe yake yote shimoni. Nikachukua jembe, tukafukia pamoja mpaka jua likawa la utosi. Nilimsimulia habari za mvua tu. Akaniombea dua, Mungu anipe umri mrefu.
Nyumbani Mbeyu ameuliza kama nimesema. Nikamjibu kuwa tumezungumza kwa kirefu. Amejitanda leso akaenda mwenyewe.

Alhamisi, 11 Desemba
Bi Kanze haitikii tena shikamoo yangu. Ananipita kama nguzo. Kikundi kimenifukuza, na Mulinge hakunitukana hata kidogo, alifunga mlango tu. Inauma, sikatai.
Leo daktari wa mifugo ametangaza chanjo ya kideri. Kila mwenye kuku awalete, asibaki hata mmoja, maana ugonjwa huo hufagia mji mzima. Nimekaa nikafikiri sana. Kuku wa Bi Kanze watachanjwa. Wa Mulinge watachanjwa.
Sasa wangu wataambukizwa na nani?